Marehemu Hayumo Daftarini: Kutafuta Kumbukumbu za Vifo Tanga Vijijini

Tangu nisimamie mirathi ya baba mkubwa, hapa Pangani nimegeuka mtu wa kuulizwa. Mtu anakuja na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo, anabisha hodi, anakaa barazani, anakunywa maji, ndipo anasema: "Nimetafuta kila mahali, hayumo." Ukimbana, hiyo "kila mahali" ni ofisi moja aliyokwenda mara moja, siku ya Ijumaa, saa sita kasoro, karani anajiandaa kwenda kuswali.

Mimi si wakili wala sifanyi kazi RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ninachojua nimekijua kwa miguu. Na kikubwa nilichokiona ni kwamba ofisi huja mwisho. Kabla kifo hakijafika mezani kwa karani, maiti imeshapita mikononi mwa watu wengi: aliyemfumba macho, muuguzi au jirani, mtendaji wa kijiji, waosha maiti, wachimba kaburi, imamu au padri, mwenye duka aliyetoa sanda na mchele kwa mkopo. Pita njia hiyo hiyo ya maiti, mtu kwa mtu, uone nani aliandika nini. Matatizo haya nimeyapanga kwa maneno ya wanaokuja barazani.

"Nimekwenda wilayani, jina halimo"

Alifia wapi? Sijauliza alizikwa wapi. Wengi hunijibu hilo la pili, kwa sababu kaburi ndilo wanalolijua.

Kifo huandikishwa katika wilaya kilikotokea. Sisi wa vijijini tunaugua nyumbani na kufia mjini. Mtu wa Mwera au Kipumbwi akizidiwa hupelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Akifia pale, kifo chake ni cha Tanga Mjini, hata kama jioni ile ile gari limemrudisha akazikwa chini ya minazi yake mwenyewe. Wa Mkinga wengi hutibiwa Muheza. Wa Lushoto na Korogwe wengine huvuka mkoa mpaka hospitali ya KCMC, Moshi. Baba mkubwa tulimtafuta Pangani miezi minne. Kumbe alikuwa ameshaandikishwa Tanga, wiki ile ile aliyokufa. Binamu yangu aliyetia saini alikuwa amehamia Mtwara, na sisi hatukuwa na akili ya kumpigia simu.

Kama mahali pa kufia unapajua na bado hayumo, tazama mipaka. Kilindi ilimegwa kutoka Handeni, Mkinga ikamegwa kutoka Muheza, zote baada ya mwaka 2000. Kwa hiyo mtu aliyefia Songe mwaka 1988 alifia Wilaya ya Handeni, japo leo Songe ndiyo makao ya Kilindi. Bagamoyo nako watu huchanganywa na Chalinze: ile ni halmashauri yake, lakini imo ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, na vifo vya zamani vya Lugoba au Msata uanze kuviulizia Bagamoyo.

Kuna na hili dogo linalopoteza siku nzima: daftari hufuata siku ya kuandikishwa. Aliyefariki Novemba na kuandikishwa Machi yuko kwenye kurasa za Machi. Mwombe karani asogee mbele mwaka mmoja au miwili, na umwombe kwa upole, maana anafunua madaftari mazito kwa ajili ya mtu asiyemjua. Usitegemee simu yako ikufanyie kazi hiyo. Mfumo wa eRITA ni wa kuomba na kuhakiki vyeti, hautakupa orodha ya marehemu wa kijiji chako uipekue.

Mwisho, huenda hakuandikishwa kabisa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ipo tangu 1920, lakini wakati wa ukoloni Waafrika hawakulazimishwa. Leo sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Zikipita, inakuwa uandikishaji wa kuchelewa: unakwenda ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida imo kwenye jengo la Mkuu wa Wilaya, na vielelezo vya kuonyesha kwamba mtu huyu alikuwepo na amekufa. Vielelezo vyenyewe utavipata kwa njia nitakazozitaja huko chini, kwa hiyo usiende mikono mitupu halafu urudi ukilalamika kwamba umezungushwa.

"Karatasi tunayo, mahakama imeikataa"

Ifungue niione. Mara nyingi ni kibali cha mazishi, au tangazo la kifo lililotolewa na hospitali. Kibali kinaruhusu mwili uzikwe, basi. Cheti cha kifo ni kingine, na hutolewa na msajili baada ya kifo kuingizwa kwenye daftari. Aliyefia nyumbani kibali chake hutoka kwa mtendaji, na ndicho watu hukiweka ndani ya plastiki miaka 15 wakidhani ni cheti.

Usikitupe. Kibali ndicho kitakachokupatia cheti. Kikipotea, rudi kwa mtendaji uulize kishina cha kitabu cha vibali. Watendaji huhamishwa, vitabu hubaki, ila hubaki kabatini chini ya mbegu za ruzuku na mabango ya chanjo.

"Yumo, lakini jina si lake"

Hapa Tanga mtu ana majina matatu kabla hajaota meno. Jina la chuoni, yaani madrasa, jina la nyumbani la Kibondei, Kizigua au Kisambaa, na baadaye jina la mwanawe: "Mama Zuhura" miaka 50, mpaka wajukuu hawajui bibi yao aliitwa nani. Wakristo wana la ubatizo juu yake. Kisha anakuja karani wa kutoka bara, anaandika anavyosikia.

Tafuta kwa sauti. Athumani, Othman na Uthman ni jina moja. Vivyo hivyo Hamisi na Khamis, Salehe na Saleh, Mwanaidi na Mwanahidi. Ukifika kwenye makaratasi ya Wajerumani, masikio yabadilike zaidi: Juma ameandikwa Djuma, Shabani ni Schabani, Yusufu ni Jussuf. Nilimwona kijana mmoja akipitia orodha ya namna hiyo mara mbili bila kumwona babu wa baba yake, na mzee alikuwa mstari wa tatu.

Kama cheti kipo na jina limetofautiana na la kitambulisho cha taifa cha NIDA au la hati ya shamba, dawa yake ni hati ya kiapo, ndugu wakiapa kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Usibadilishe chochote kwa kalamu. Hata herufi moja.

"Tarehe zinagongana"

Hili ndilo nilipendalo, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekosea.

Bibi yangu mzaa mama alikata roho saa mbili usiku. Karatasi ya zahanati ikaandika Alhamisi. Ubao uliopigiliwa kaburini ukasema Ijumaa, na mama mpaka leo humsomea hitma kwa kuhesabu Ijumaa. Wajukuu wa mjini wakaanza kunong'ona kwamba zahanati ilighushi. Jibu ni jua. Kwa kalenda ya serikali siku hugeuka saa sita usiku. Kwa watu wa msikitini siku hugeuka jua likitua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Bibi alikufa Alhamisi ya zahanati na Ijumaa ya msikiti, dakika ile ile.

Saa nazo zina mtego wake. "Saa 8 usiku" ya Kiswahili ni kabla ya alfajiri, na tarehe imeshageuka. Aliyezoea saa za Kizungu akiisoma haraka ataiweka jioni ya siku iliyotangulia. Kila unapoona saa imeandikwa kwa tarakimu tupu, uliza aliyeandika alikuwa nani.

Halafu miezi. Wazee wa pwani wanahesabu kwa mfunguo: baada ya Ramadhani unaanza Mfunguo Mosi, unakwenda hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Mgeni akisikia "alikufa mwezi wa mfunguo sita" anaandika Juni, na amekwisha kuharibu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mfunguo huo huo huzunguka misimu yote. Kaburi lililoandikwa 12 Mfunguo Sita 1388 linakupeleka karibu na tarehe 9 Juni 1968, siku moja huku au huku kwa sababu ya mwandamo. Kwa mwaka huo Mfunguo Sita na Juni zilikutana kweli. Miaka kumi baadaye Mfunguo Sita ulikuwa umesharudi nyuma hadi Februari.

Mzunguko huo unaweza pia kukusaidia. Mzee akikwambia "alikufa Ramadhani, na mvua ya masika ilikuwa inanyesha mpaka kaburi likajaa maji," amekupa mengi kuliko anavyodhani. Ramadhani iliangukia masika katikati ya miaka ya 1950, ikarudi tena mwishoni mwa miaka ya 1980, na tena kuanzia 2020. Mtu aliyeacha mtoto mchanga ambaye leo ana miaka sabini na kidogo, huyo ni wa mara ya kwanza. Kwa wasiohesabu miezi, hesabu kwa makubwa ya nchi: kabla au baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Sokoine alikuwa hai, au ilikuwa baada ya Aprili 1984? Uliza watu wawili kila mmoja peke yake. Ukiwauliza pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekupa tarehe.

"Hakuna karatasi yoyote"

Ipo. Hukuiita kwa jina lake.

Uliza kama mtaa ule ulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Mwaka juzi tulikuwa tunamtafuta fundi mmoja wa majahazi, kijiji cha upande wa kusini mwa mto. Serikalini hakuna kitu. Mke wa aliyekuwa katibu wa chama akaingia ndani, akatoka na kaunta buku yenye mgongo mwekundu, imeliwa na mende pembeni na inanuka mafuta ya taa. Kurasa zimechorwa mistari kwa rula: jina, fedha, vitu. "Mchele kilo 5. Nazi 20. Kuni mzigo 1. Sukari kilo 2 (deni)." Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, jina la marehemu, la baba yake na la kitongoji, na siku: Jumatano. Mwaka haukuwepo. Tulifunua nyuma kurasa tatu tukakuta msiba mwingine wenye tarehe kamili, na mbele kurasa mbili tukakuta mwingine. Fundi wetu akabanwa katikati, ndani ya wiki tano. Mjane wake aliposema ilikuwa siku chache baada ya Idi, Jumatano ikabaki moja.

Daftari la rambirambi lina faida nyingine. Linakutajia waliohudhuria. Waliotoa nazi 20 walikuwa majirani au wakwe, na baadhi yao wapo hai.

Msikitini usitarajie rejista, ingawa baadhi ya misikiti ya mjini wanayo. Nenda baada ya Alasiri, si kabla. Mwamkie imamu, kaa, sema unamtafuta nani na kwa nini. Mara nyingi imamu mwenyewe ni kijana, atakuelekeza kwa muosha maiti wa zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo nilimuosha mimi. Alikuwa na kovu la papa hapa." Akajigusa paja.

Mtu wa namna hiyo mchukulie maelezo yake kwa maandishi siku hiyo hiyo, atie dole gumba, mashahidi wawili wawepo. Usiseme utarudi wiki ijayo.

Makanisani hali ni nyingine, vitabu vipo. Waanglikana wa misheni ya UMCA wako Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19. Walutheri walifika Mlalo, milima ya Usambara, mwaka 1891. Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu wapo tangu 1868, na ndiko mwili wa Livingstone ulikofikishwa Februari 1874 na watu waliouchukua kwa miguu kutoka bara. Anza na kitabu cha ubatizo, kinakupa jina la baba na kijiji, ndipo uombe kitabu cha mazishi. Parokia zimegawanyika kuliko hata wilaya, kwa hiyo uliza parokia mama ilikuwa ipi mwaka ule. Na ukiruhusiwa kupiga picha ukurasa, piga ukurasa mzima, usipige mstari wako tu.

Mahakama ya mwanzo nako kuna hazina. Marehemu wako hana jalada la mirathi, sawa, lakini kaka yake je? Muhtasari wa kikao cha ukoo huwataja warithi wote, na waliotangulia huandikwa "marehemu", wakati mwingine na mwaka. Shangazi zangu wawili niliwapata ndani ya mirathi ya mtu mwingine kabisa.

Makaburi yenyewe yanasaidia kidogo kuliko watu wanavyotumaini. Mengi ni jiwe kichwani na jiwe miguuni. Tongoni na Kaole kuna makaburi ya karne nyingi nyuma, yenye nguzo, na watalii huyapiga picha, wakati babu aliyezikwa 1972 hana hata kibao.

"Nataka tanzia yake"

Wanaoniomba hivi wengi wanaishi ng'ambo, wanadhani kila marehemu alipata safu gazetini. Kwa mkulima wa Maramba au mvuvi wa Kipumbwi, tanzia ilikuwa redio. Wa rika langu tunakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, nyumba nzima imenyamaza, vijiko vimesimama: habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Mombasa, popote alipo. Likishasomwa limekwenda na hewa. Kilichobaki ni ile rasimu iliyoandikwa kwa mkono kabla ya kupelekwa mjini, nayo hukaa kwenye sanduku la bibi pamoja na kadi za kliniki. Iulizie kwa jina hilo, "karatasi ya redio", utaona watu wanakumbuka.

Kwa waliokuwa walimu, makarani, watu wa chama au wafanyabiashara, jaribu magazeti: Uhuru, Daily News, na baadaye Mwananchi na Nipashe, kwenye kurasa za tanzia na kumbukumbu. Tangazo la kumbukumbu hutoka mwaka mmoja baada ya kifo, mara nyingine mitano, na lina picha. Nakala za zamani utazipata Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini nenda na miezi mkononi. Kupekua mwaka mzima wa gazeti la kila siku kwa jina moja ni adhabu.

Wakristo waulize kijikaratasi cha ibada ya mazishi, chenye wasifu wa marehemu. Kwa vifo vya miaka hii, mwombe kijana aliyekuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la msiba asifute kitu.

"Babu alikwenda manamba Tanga, hakurudi"

Hawa hutoka mbali: Njombe, Songea, Kigoma, Mtwara. Mkonge uliletwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, mashamba yakafuata reli kutoka Tanga kwenda Korogwe na kushuka mpaka Pangani, na watu wakaletwa kwa maelfu kuukata. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba. Wengi walizikwa kambini na watu wasiowajua hata kwao ni wapi.

Usianze na jina. Huenda kambini hakulitumia, aliitwa "Mngoni" au "Fundi" au jina la utani lisilotajika mbele ya watoto. Anza na shamba. Barua yoyote aliyotuma nyumbani, risiti ya hawala ya posta, muhuri juu ya bahasha, vyote vinataja stesheni. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio, mengine yakauzwa tena miaka ya 1990, kwa hiyo jina la leo silo la wakati ule. Waulize wazee lilikuwa la Mgiriki, Mwingereza au Mhindi gani, hilo hawasahau. Kifo cha kazini kiliweza kufungua madai ya fidia, na mafaili ya Idara ya Kazi ya kikoloni yamo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Lakini kwanza kambi. Bado kuna watu. Nilifuatana na bwana mmoja wa Njombe aliyemtafuta babu yake, tukazunguka kambi tatu siku mbili. Ya tatu tulimkuta bibi wa Kimakonde amekaa mlangoni akichambua mboga. Akasikiliza, akauliza, "Mbena yule wa korona?" Korona ndio kiwanda cha kusaga majani ya mkonge. Mumewe, nyapara, alikuwa ameweka vipande, yaani kadi za kazi, vya waliokufa bila ndugu, akingoja labda mtu atakuja. Vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, tisa, vimefungwa kwa kamba ya katani.

Cha babu kilikuwa cha sita. Jina limeandikwa kwa kosa, la kijiji limeandikwa sawasawa, na tarehe ya kuanza ipo juu. Miraba 30 ya siku za kazi. 19 imetiwa alama, 11 mitupu. Yule bwana akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka tarehe ya juu, akiruka Jumapili.